Kwa Sababu ya Baridi

Mbulu, Jumanne, Julai

Mbele ya wageni! Angeniita pembeni basi.

Meneja mpya alisimama mapokezi akaikazia macho hijabu yangu. "Zaituni, sare ya hoteli hii haina hijabu." Yeye mwenyewe amevuta kofia ya sufu mpaka masikioni, kwa baridi ilivyokuwa kali leo.

Mama Paskalina wa jikoni akanitetea. "Bosi, mwache binti, anasikia baridi."

"Kama ni baridi, sawa," akasema, akanigeukia. "Ni baridi?"

Nikajibu ndiyo, ni baridi.

Mama Paskalina anajua ameniokoa, na nilimshukuru kweli. Lakini Isha nimeiswali mara mbili na moyo bado haujatulia.

Kazi ninaihitaji. Ila Julai itaisha. Jua likiwaka, nitasema nini?