Ngitili Yako Iliyoungua

Mpendwa kaka,

Mwangaluka. Kwa malezi yetu ningeanza kwa kukuuliza hali ya mji na ng'ombe, lakini habari ya ng'ombe naona haya kuiuliza. Wewe unajua kwa nini, na leo nataka wengine nao wajue.

Unakumbuka mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini, nami nikapata ukarani wa mizani? Nilinunua shati jeupe Bariadi mjini, nikawa natembea kwa madaha hata kuku wa nyumbani wananipisha njia. Wewe ulicheka tu. "Karani wetu," uliniita mbele za watu, na ulikuwa unajivunia kweli.

Shamba langu lilikuwa chini ya kilima. Ngitili yako ilikuwa mteremkoni juu yake, ng'ambo ya njia ya ng'ombe. Majani yale uliyafungia tangu masika, mnyama asiyaguse mpaka kiangazi kikolee. Pamba ilipokwisha kuvunwa, kila mtu aling'oa miti yake akaichoma ili wadudu wasibaki, na wiki nzima mashamba yalikuwa yanafuka moshi. Ulinikuta adhuhuri napanga marundo yangu.

"Mdogo wangu, usiwashe saa hizi," ulisema. "Ngoja alfajiri, umande ungali chini na upepo haujaamka. Tena anzia huku juu. Moto ni kama mbuzi, unapenda kupanda. Ukiuwashia juu unashuka kwa kusitasita. Ukiuwashia chini, hutauwahi."

"Kaka, hayo ni ya enzi za ushirika," nilikujibu. "Siku hizi hakuna kusubirisubiri. Lori la pamba linakuja jioni hii, lazima niwe mizanini."

Ulinitazama kidogo, ukaenda zako. Nikawasha chini, jua likiwa utosini, nikayaacha marundo yanawaka na kushika njia ya kwenda kwenye mizani. Nilipogeuka niliona kisulisuli kimezoa maganda ya pamba yenye moto, kikayatupa ng'ambo ya njia. Palifuka moshi mwembamba tu. Nikajiambia utazima wenyewe, nikaendelea na safari yangu.

Moto uliingia kwenye lile korongo kati ya miamba, na korongo likauvuta juu kama mrija. Watu walipofika na matawi mabichi, ulikuwa tayari umeshika mgongo wa kilima. Mimi nilikuja mbio na watu wa mizani, nikiuliza kama wao, "Umeanzia wapi?" Kaka, niliuliza hivyo.

Kesho yake ulitembea kwenye majivu, mikono nyuma. Ulikuwa unainama na kuyaangalia mawe, ambayo yote yalikuwa meusi upande wa bondeni, moto ulikotokea. Ukashuka polepole mpaka mpakani mwa shamba langu, ukasimama. Ukanitazama.

Kwenye dagashida, kijiji kizima kimekaa, walikuuliza unamshuku nani. Ungenitaja, ningetengwa: nisisalimiwe, nisipewe hata maji. "Ni upepo," ulisema. "Upepo haushitakiwi." Watu wakageuka kunitazama mimi, msomi wao. Nikatikisa kichwa kukubali, na nikaongeza, "Ni kweli, mwaka huu upepo ni mkali." Hayo maneno niliyoongeza, ambayo hakuna aliyeniomba, ndiyo yananitia aibu kuliko yote.

Ng'ombe wako walikonda hadi ukawaswaga kwenda Usangu. Uliahidi kurudi mvua zikinyesha. Zimenyesha mara nyingi tangu hapo.

Siku hizi niko kwenye kamati ya mazingira ya kijiji. Nawafundisha watu kuchoma alfajiri na kuanzia juu ya mteremko. Nawaambia na habari ya mbuzi, wanacheka na kunipigia makofi, wananiita mtaalamu. Sijawahi kusema maneno hayo ni ya nani.

Mwezi uliopita binti yako Minza alikuja kututembelea, na bado yupo. Tuko kwenye ugali, akaniambia, "Baba mdogo, baba huwa anasema sisi huku tulifukuzwa na upepo." Miaka yote hii, hata kwa watoto wako mwenyewe, umenificha.

Barua hii nitaisoma mwenyewe kwenye dagashida ya Jumamosi, Minza akiwa amekaa mbele yangu, kisha nitampa akuletee. Watakaloamua nitalipokea. Msamaha naona aibu hata kuuomba, maana ulinipa kabla sijasema neno, nami nikautumia kama haki yangu.

Waambie wanao kwamba upepo ule haukuwa na kiberiti. Kiberiti nilikuwa nacho mimi.

Mdogo wako