Chupa Moja kwa Macho ya Baba na ya Paka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, nasaga vioo katika duka la miwani, na naishi na baba, sisi wawili tu. Wiki tatu zilizopita alipasuliwa mtoto wa jicho, na kwa kuwa mikono yake inatetemeka mimi ndiye ninayemtilia matone mara nne kwa siku, yeye ameegemeza kichwa kitini, ananitania, "Fundi, usinimwagie sikioni."

Wiki iliyopita kitoto cha paka kiliingia uani kwetu kikipiga chafya, pua imeziba kwa kamasi, macho yote mawili yamegandana kwa matongotongo, baba akasema, "Mpokee, mgonjwa wa macho mwenzangu huyo," na tangu siku hiyo jina lake ni Mwenzangu. Nililowesha pamba kwa maji ya vuguvugu, nikazibembeleza zile kope karibu saa nzima, na jicho la kulia lilipofunguka, mshauri, sijui niseme nini, mimi ninayeshinda na vioo vya macho ya watu sikuwahi kuona kitu kama kile, lilikuwa la buluu iliyokolea, mboni ikajikunja mbele ya mwanga wa dirisha kama kitu kinachofikiri, kisha likanigeukia, nikajikuta nashusha sauti ingawa sikuwa nikisema na mtu.

Nikataka na la kushoto liwe hivyo. Likawa zito kufunguka, matongotongo yanarudi kila asubuhi, nikachukua chupa ya matone ya baba, nikijiambia jicho ni jicho, nikawa namtilia baba, kisha paka, siku nne mfululizo, na mara mbili ncha ya chupa iligusa kope za paka. Sasa jicho lile limeingia ukungu na hataki kulifumbua, na juzi baba aliniambia lake linakwaruza kama lina mchanga, nikamjibu, "Ni vumbi tu, baba," naye akaniamini. Je, nimempofusha paka? Na nikimwambia baba atanitazama vipi, yeye anayewatangazia majirani kwamba bintiye ana mikono ya daktari?

Fundi wa Vioo

*

Binti yangu, jibu hili nimekutumia kwa simu kabla halijachapwa, maana jicho halisubiri gazeti.

Umenisimulia paka kwa kirefu, ya baba ukayasukumia mwishoni kama mtu anayeficha sahani iliyovunjika chini ya kitanda. Tuanze na huko. Jicho lililopasuliwa juzijuzi bado ni kidonda, na chupa iliyogusa uchafu haifai kurudi humo. Linakwaruza, nawe unaniandikia mimi? Usimtilie hata tone jingine. Mpeleke kliniki iliyompasua, leo, si baada ya kazi, na umkabidhi daktari chupa ile pamoja na ukweli wote.

Kuhusu paka, nimemuuliza daktari wa mifugo. Mafua ya paka mara nyingi huletwa na virusi, na baadhi yake huchimba kidonda juu ya jicho. Matone ya baada ya upasuaji mengi yana dawa ya kutuliza uvimbe, na dawa hiyo hukichochea kidonda cha namna hiyo. Kama limepofuka, hakuna ajuaye bila kulipima, kwa hiyo naye aonwe leo. Maji ya vuguvugu yaendelee, pamba mpya kwa kila jicho, na mikono kwa sabuni. Chakula chake kipashe moto kidogo kinukie, maana paka asiyepata harufu hali.

Sikukatazi kustaajabu. Nina miaka sitini, na barua yako imenipeleka mbele ya kioo nikaitazame mboni yangu ikijikunja, mjukuu akaniuliza, "Bibi, umepoteza nini humo?" Kweli ni ajabu, nami nilikuwa nayo siku zote bila kuitazama. Lakini wewe ni fundi! Ungempa mteja miwani ya mteja mwingine kwa kuwa jicho ni jicho?

Mwambie baba kabla hamjatoka nyumbani, asije akayasikia haya kwa daktari. Wewe unaogopa atakavyokutazama. Mimi naogopa asiweze kukutazama. Inuka, mwanangu.