Laga ya Fermín

Jumapili, 9 Juni
Mvua tangu alfajiri. Mji wa Valdivia ndivyo ulivyo. Mdogo wangu Fermín aliniita gereji nikaonje laga yake. Ya kwanza maishani! Miaka yote ametengeneza injini za boti na kunywa bia za kiwandani huku akizitukana. Sasa amepika yake — na ulimi umekufa. Mionzi ya saratani waliyompiga kooni imeua ladha yote. Supu, kahawa, maji, kwake ni mamoja.
"Dada, ulimi wangu ni wewe," akasema. "Ila usinionee huruma."
Nikanywa. Yai viza! Nikamwambia hivyo hivyo, yai viza. Akacheka hadi akapaliwa. Kisha akalitazama pipa la bia. Aliomba ukweli, nikampa. Mbona basi roho inaniuma?

Jumatatu, 10 Juni
Wifi Yasna anataka bia imwagwe. Mtu hashuki ngazi bila kushikwa, anasema, halafu ashinde gereji kwenye baridi kwa ajili ya maji yanayonuka? Namwelewa. Jirani Heriberto, aliyezeekea kwenye kiwanda cha bia, naye alipewa glasi. Akatema uani.
"Hii wape kuku, Fermín. Aa, hapana — kuku wamekukosea nini?"
Mzee huyo hasifu kitu, hata mkewe hajawahi kumsifu.
Fermín kashikilia lake. Laga haitaki haraka. Ikilala kwenye baridi, harufu huondoka yenyewe. Tuipe nafasi nyingine, akasema. Yasna akaacha vyombo, akatoka nje mvuani.

Jumamosi, 22 Juni
Daktari amesimamisha matibabu. Basi.
Yasna yuko bafuni, kafungulia bomba tusimsikie. Habari ya kumwaga bia haitajwi tena na mtu.

Alhamisi, 4 Julai
Fermín hatoki kitandani. Kila nikiingia anauliza friji ya gereji, inamolala bia, ina baridi kiasi gani. Nashuka, natazama, narudi kumwambia. Ndiyo maongezi yetu siku hizi.
Leo nilimkuta Yasna huko chini, kajifunika koti la Fermín, anasoma kipimajoto. Akasema kafuata viazi. Viazi viko jikoni!

Jumapili, 14 Julai
"Dada, kaonje."
Nilishuka gereji. Nikanusa kwanza. Yai hakuna. Nikanywa. Ganda la mkate uliotoka tanurini sasa hivi, asali kwa mbali, halafu uchungu kidogo, safi kabisa, ukapita. Nikanywa tena. Machozi hayo! Nikapanda nayo hadi chumbani — heri ningejipangusa kwanza.
"Nzuri," nikasema.
Akanitazama. "Unalia."
"Ni nzuri, Fermín! Naapa kwa kaburi la mama."
"Ile siku ya kwanza hukuapa."
Yasna naye akaonja, akasema hajapata kunywa kitu kama hicho. Akamshika mkono. Hapo ndipo tulipoharibu kabisa.
"Nyinyi mnanipenda," akasema. "Ushahidi wenu haufai."
Akageukia ukuta. Hakutukasirikia. Afadhali angekasirika.
Nikavaa koti, nikavuka kwa Heriberto. Akaguna, akasema atakuja kesho, ila asitegemewe kusema uongo mbele ya mgonjwa. Nikamwambia ndicho ninachotaka.

Jumatatu, 15 Julai
Fermín hakuamka sawasawa. Macho nusu, pumzi inakwama, inaanza, inakwama. Muuguzi anasema huenda anasikia, huenda hasikii.
Heriberto alipobisha nilitaka kumrudisha. Yasna akasema aingie.
Kaingia na matope yake, kofia mkononi. Akamtazama Fermín, akataka kuondoka. Yasna akampa glasi. Akainusa kwa muda. Akapiga funda moja, akasimama kama aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha akaimaliza yote.
"Fermín."
Akasogea kitandani.
"Fermín, mshenzi wewe! Maisha yangu yote kiwandani, hatukuwahi kupika kitu kama hiki. Hata siku moja!"
Naandika hapa mlangoni. Mzee kavuta kiti kitandani. Kanyoosha glasi bila kugeuka, Yasna anamjazia hadi povu linadondokea shuka. Nilidhani midomo ya Fermín imesogea. Labda ni pumzi tu. Heriberto naye ameona. Ameinama hadi sikioni kwake, anamwita tena, kwa nguvu —