Udongo wa Kibosho kwenye Treni ya Baba

Leeds, 14 Machi 2024
Mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu Flavia,

Udongo niliokuomba wa kihambani, shamba letu la nyumbani, umefika, pamoja na swali lako la kila mwaka: nitarudi lini?

Niliuchekecha, nikaupaka kwa brashi kwenye kichwa kidogo cha treni ya mvuke ninachokiunda, mfano wa kile alichoendesha baba hapo Moshi. Sisi tunaounda mifano hii, tukishaipaka masizi na kutu ionekane kuukuu, husugua shikio la mlangoni, dereva anaposhika akipanda, ling'ae kama lililoshikwa miaka mingi. Mimi sikuwa nimelisugua. Asubuhi nililikuta linang'aa, lina alama za vidole vitatu, vidogo kuliko punje za ulezi. Unaukumbuka mkono wa baba, uliobaki na vidole vitatu.

Ndipo nikakupigia simu kuuliza udongo umeutoa wapi, ukacheka: "Kaka nawe! Nimechota pale pale kaburini kwa baba, ndipo penye udongo laini."

Baba alitaka niwe msaidizi wake kwenye treni, nikakimbilia huku. Hata kumzika sikuja. Leo kiti cha msaidizi ndani ya kichwa hiki kidogo kimefutwa vumbi, na si mimi niliyekifuta.

Chumba ulichoniandalia mpe mjukuu wako. Baba amenifuata huku, na safari hii sitamkimbia. Kibosho sitarudi.

Kaka yako,
Thadeus