Waridi la Mlangoni

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na heshima zote, hata zile ulizokuwa ukinidai nilipokuwa mdogo. Shemeji hajambo? Na mpwa wangu, yule aliyebahatika kurithi sura ya mjomba wake? Mimi natembea na ninakula vizuri. Mengine utayasoma hapa chini.

Kazi naimudu kuliko walioisomea. Siku hizi tunafufua samani za kale, zile zilizovishwa ngozi ya mbao nyembamba kama karatasi, yenye maua ya mbao za rangi rangi. Ngozi hiyo ikizeeka huachana na gundi kimyakimya, jicho lisione. Kwa hiyo kabla ya vanishi unagonga kwa ukucha, unasikiliza. Palipo pazima hujibu kwa sauti kavu. Palipoachana hulia kama debe tupu. Hapo unachana kidogo kwa wembe, unaingiza gundi, unakandamiza kwa pasi ya moto. Fundi alinichagua mimi niwe mgongaji. Wenzangu walinuna, midomo ikagusa kifua!

Mwezi uliopita mama mmoja alileta kabati aliloachiwa na marehemu mama yake. Nikaligonga lote, nikamwambia fundi halina kasoro. Tukalipaka vanishi, likang'aa hadi nikachania nywele mbele yake. Wiki haikuisha, likarudi. Ngozi imetuna kama malengelenge, waridi la mlangoni limepasuka, na jani lake moja limedondoka likapotelea njiani. Mama yule hakufoka. Aliuliza tu kama lile ua linaweza kurudi lilivyokuwa, maana mama yake alikuwa akilifuta kila asubuhi kwa upindo wa nguo yake.

Alipoondoka, fundi alinigeukia, akaniita mdomo mrefu kazi fupi. Alisema sikugonga chochote, nilikuwa napiga soga. Unanijua, Dada: mimi hubisha hata nikishikwa na kuku mkononi. Siku ile nikainamisha kichwa, nikasema ni kweli, ulikuwa uvivu wangu.

Nilidanganya. Niligonga kila mahali, Dada. Sikusikia kitu.

Masikio yangu yanakufa. La kulia limeshakwenda. La kushoto linapapasa tu. Ni ile mashine ya msasa. Fundi alinipa vya kuzibia masikio, nikasema vinaniharibia nywele. Sasa watu wakicheka nami nacheka, hata kama anayechekwa ni mimi. Nikaona heri niitwe mvivu, maana mvivu hukaripiwa akabaki kazini. Mgongaji kiziwi nani atamweka? Kazi nyingine siijui, na shule unajua tuliachana vipi.

Lakini leo nimewekewa meza ya watu wengine, kubwa, imejaa maua. Nimeigonga tangu asubuhi, nikaweka na shavu juu yake. Kimya. Siwezi kusema tena kwamba ni nzima.

Mama usimwambie bado, atalia kabla ya kuuliza. Msalimie shemeji, mbusu mpwa wangu. Jumamosi nitamweleza fundi kila kitu, naye si mtu wa maneno machache. Njoo, Dada, usimame karibu yangu. Ya kumwambia ninayo, mdomo wangu haujaugua. Ila akinijibu, nitahitaji mtu wa kuniambia kasema nini.

Ni mimi mdogo wako,
Mtaalamu