Petali Tatu Mezani

Jumanne, 3 Desemba 2024

Wiki ya kwanza bila sare ya shule. Niko dukani kwa Mjomba Khalidi, Majengo, nafuta vioo vya fremu. Kutwa ni picha za mahafali na harusi. Leo Bi Dorothea wa wizarani kaleta maua! Nakala ya mchoro wa Mfaransa wa zamani—maua meupe na ya waridi kwenye jagi la bluu. Hakuna mstari hata mmoja, rangi tu zimepakwa harakaharaka. Mjomba akacheka: mama, printa iliishiwa wino? Bi Dorothea akasema ndivyo ilivyo, wachoraji wale walikimbizana na mwanga. Nilitaka kumuuliza zaidi. Nikasema shikamoo—mara ya pili. Mjinga mimi!

Jumatano, 4 Desemba

Nimeyatazama tena. Chini kabisa, juu ya meza, zimedondoka petali tatu. Nyumbani tuna maua ya plastiki juu ya televisheni, mama huyaosha kwa sabuni ya unga. Hayajawahi kudondosha kitu. Haya yalikuwa yanakufa, na mchoraji alijua. Akaharakisha. Natamani—sijui hata natamani nini. Labda kuwa kwenye chumba kile, kabla mwanga haujahama.

Mjomba: vipi Rukia, ndiye mchumba huyo?

Alhamisi, 5 Desemba

Mjomba amepima. Fremu iliyopo ni fupi. Tutakata chini, anasema, zile takataka za mezani. Nikajibu: sawa, mjomba.

Sawa!

Ijumaa, 6 Desemba

Mjomba kaenda swala ya Ijumaa. Kaniachia rula na kisu, kasema: nikirudi nikute picha imeshaingia kwenye fremu. Nimeipanga rula mara mbili. Siwezi. Nikapiga namba ya Bi Dorothea, iko nyuma ya picha. Nikamwambia petali zinakatwa. Akauliza, kwani wewe ni nani? Nikasema, mimi ndiye ninayeyatazama maua yako.

Akasema: nipo kikaoni, usiguse kitu, natafuta bajaji.

Namsikia mjomba nje, anataniana na muuza karanga. Bi Dorothea bado.

Mjomba ameingia. Anauliza rula iko wapi. Naandika tu, kama sijasikia.

Nimeikalia.