Chumba cha Chini

Cádiz, 4 Machi 1984

Mdogo wangu Eliseo,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, ila upepo wa mashariki umetutia wazimu siku tatu. Chumba chako cha chini bado. Fundi Crespo alianza kuchimba sakafu Jumatatu, Jumatano akasimama. Usiniulize sababu kwenye barua. Subiri tu.

Dada yako, Amparo

Stuttgart, 19 Machi

Dada Amparo,

Shikamoo. Kifua ni kile kile. Daktari kanikataza ngazi. Ndiyo maana nakitaka chumba hicho, unajua. Sasa Petra wa ng'ambo ya barabara kaniandikia: mlango una kufuli jipya, sakafuni mkeka, na Crespo anaingia na kutoka na ndoo zilizofunikwa. Ndoo za nini, dada? Petra anasema, "Dadako kapata mali ya kale, anaiuza kimya kimya." Nami ni mzaliwa wa huko; najua ukipiga sululu mtaani kwetu unamwamsha Mrumi wa kale. Niambie ukweli.

Mdogo wako, Eliseo

Cádiz, 2 Aprili

Eliseo,

Natumai u mzima. Mimi barua yako imenichoma. Petra! Huyu huyu aliyemzushia mama yetu siku ya harusi yake? Kufuli ni la wezi. Njoo mwezi wa sita, utakikuta chumba tayari. Ila usimwandikie mtu mwingine habari hizi. Umenisikia? Mtu yeyote.

Dada yako

Stuttgart, 11 Aprili

Dada,

Leo sina salamu, nisamehe. Uliponikataza kuandika ndipo nilipojua. Miaka ishirini na mbili nachomelea milango ya magari ya watu, wewe umekaa nyumbani kwa baba unaficha mali. Nimewaandikia watu wa mambo ya kale waje waangalie. Kama huna kitu, huna hofu.

Eliseo

Cádiz, 29 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimekawia kwa sababu ya hasira; barua mbili nimezichana. Walikuja watano, na brashi zao. Chini ya mkeka wakavunja zege jipya, wakakuta ukuta wa Kirumi. Chini ya ukuta, kaburi la Mfoinike, wale mabaharia waliotangulia Warumi hapa.

Ukuta niliujua. Crespo aliugonga siku ya tatu, tukafanya wafanyavyo watu wote hapa: kumwaga zege na kunyamaza, maana wakisikia, nyumba hufungwa hata miaka kumi. Ndoo zilikuwa za zege, Eliseo. Na sikuweza kukuandikia, kwa kuwa mpeleka barua wetu ni shemeji yake mlinzi wa makumbusho, na bahasha zake hufika zimebanduliwa. Zilikuwa zimebaki safu mbili tu za vigae chumba kiishe. Hata choo nilishakuwekea karibu na kitanda.

Mkubwa wao akaniambia, "Hongera mama, huyu kalala hapa miaka elfu mbili na mia tano." Nikamjibu, "Basi hapo ni kitandani kwa ndugu yangu."

Nilikukasirikia sana, na bado. Mlangoni wamefunga utepe. Kimebaki chumba changu cha juu, chini ya mnara wa kutazamia meli. Ngazi ni sabini na moja. Kila zinapokata kona nimeweka kiti, sita vyote, hata cha jikoni. Kimoja katoa Petra, nimekipokea nimenuna. Utapanda, utakaa, utapanda, utakaa. Ukianza asubuhi utafika chakula cha mchana.

Njoo, mjinga wee.

Dada yako, Amparo